Wachangiaji wa Google Maps Dar es Salaam: Kazi Yao Inastahili Nyota Tano

Google Maps humruhusu mwenye biashara kujibu maoni yaliyoandikwa kuhusu duka au mgahawa wake, lakini msomaji aliyenufaika na maoni hayo hana mahali pa kumwandikia aliyeyaandika hata neno la asante. Anachoweza kufanya ni kubonyeza alama ya kupenda na kuendelea na shughuli zake. Kwa kuwa kwa miaka kadhaa nimekuwa nikichagua mahali pa kula, maduka na mafundi hapa Dar es Salaam kwa kutegemea maandishi ya watu nisiowafahamu, nimeona ni haki niwatathmini watathmini wenyewe, maana baadhi yao wana kipaji cha kweli na kazi yao inapita kimyakimya.

Mfumo wanaoutumikia unaitwa Local Guides, na hauwalipi fedha. Unachotoa ni pointi: kila maoni huhesabiwa pointi 10, yakizidi herufi 200 huongezewa 10 nyingine, picha moja ni pointi 5, na ngazi ya juu kabisa, ambayo ni ya 10, hufikiwa kwa pointi 100,000. Hapo ndipo penye kasoro ninayoiona katika huduma hii. Mashine inahesabu herufi lakini haipimi maana, kwa hiyo anayeandika kwa maneno mengi kwamba mahali ni pazuri na wahudumu ni wachangamfu hupata pointi sawa na aliyeeleza mlango uko upande gani, chakula kinaisha saa ngapi na bei ilikuwa shilingi ngapi siku aliyokwenda. Wahenga walisema chema chajiuza, lakini kwenye ramani hii maoni mema hufukiwa chini ya maoni matupu, na ni wasomaji tu wanaoweza kuyafukua.

Yuko mchangiaji mmoja anayeandika kuhusu vibanda vya supu na mama lishe wa Kariakoo na Ilala, sehemu ambazo waandishi wa mambo ya chakula hawafiki. Maoni yake hayazidi aya mbili, na katika hizo utajua kwamba supu ya kongoro huwa tayari alfajiri na ikifika saa tatu asubuhi imekwisha, kwamba chapati huuzwa peke yake, kwamba ni vyema kwenda na fedha ndogondogo kwa sababu asubuhi chenji ni shida, na kwamba ndimu na pilipili vipo mezani bila kuombwa. Anapoelekeza njia huanzia kituo cha mwendokasi cha Gerezani, kisha hutaja duka la vitenge, kona yenye fundi saa na ngazi ya jengo fulani, jinsi mwenyeji anavyomwelekeza mgeni. Vibao vya mitaa na namba za nyumba vilivyowekwa katika Operesheni ya Anwani za Makazi ya mwaka 2022 vimesaidia sana, lakini kibanda cha supu hakina namba, na bila mtu kama huyu kisingepatikana na yeyote asiyekaa jirani nacho. Ninachokipenda zaidi kwake ni uadilifu wa nyota zake: akitoa nne, anaeleza moja iliyopotea ilipotea kwa kosa gani, na akirudi akakuta kosa limerekebishwa, anayahariri maoni yake na kuiongeza.

Mchangiaji ninayemheshimu kuliko wote, hata hivyo, ni mwanamke ambaye simjui kwa sura wala sauti. Yeye huandika kuhusu milango. Kila aendako, iwe benki, mgahawa, duka la dawa au ukumbi wa harusi, huhesabu vidato vya mbele, hupiga picha ya kizingiti akiwa ameinamisha simu ili kimo chake kionekane, hueleza kama mteremko uliojengwa unapandika kweli au umewekwa kwa kutimiza masharti tu, na hufika hadi msalani kuona kama mlango unafunguka kwa ndani na kumziba mtu mwenye kiti cha magurudumu. Mama yangu mzazi hutumia kiti hicho. Kabla sijaanza kumsoma mchangiaji huyu, kila tulipotaka kumtoa mama ilibidi mmoja wetu atangulie kukagua, na mara nyingine tulifika tukakuta ngazi, tukarudi nyumbani bila kushuka garini. Sasa ninatazama picha zake usiku uliotangulia na ninajua tuingilie mlango upi. Katika moja ya maoni yake alieleza kwamba mlango wa mbele una vidato vinne lakini mlango wa upande, unaotumika kupokelea bidhaa, uko sawa na ardhi na mlinzi huufungua akiombwa kwa upole. Kwetu maneno hayo yalikuwa na thamani kuliko sifa zote za vyakula vya mahali hapo.

Wapo pia wanaopiga picha za ubao wa bei, kazi ndogo isiyo na urembo ambayo humwokoa mtu na aibu ya kuketi mezani na kuagiza asichoweza kukilipia. Hawa ningewaomba jambo moja tu, nalo ni kutaja tarehe waliyofika. Maoni ya zamani kuhusu Soko Kuu la Kariakoo, kwa mfano, yanaeleza jengo kama lilivyokuwa kabla ya kuungua Julai 2021, na msomaji asiyetazama tarehe anaweza kutafuta ngazi na meza ambazo moto ulikwisha kuzichukua.

Ninawasifu vilevile wanaoandika kwa Kiswahili kamili, chenye vituo na maneno yasiyokatwakatwa. Ramani huyatafsiri maoni yenyewe kwa ajili ya mgeni, na sentensi iliyoandikwa vizuri hufika salama, ilhali vifupisho vya ujumbe wa simu hutoka vimevurugika. Isitoshe, mama lishe anayezungumziwa ana haki ya kusoma yaliyoandikwa juu yake kwa lugha yake.

Kwa wachangiaji hawa ninatoa nyota tano bila kusita. Kwa mfumo unaowahesabia pointi ninatoa tatu. Anayetaka kuwapata asiishie kwenye maoni yaliyotangulizwa juu, bali ayapange kwa mapya zaidi, agonge jina la mwandishi aliyempendeza, kisha aangalie mambo mawili: kama ameandika kuhusu mahali pengi katika mji uleule, na kama amewahi kutoa nyota mbili na kueleza sababu zake kwa adabu. Akiridhika, abonyeze alama ya kupenda kwenye kila maoni yaliyomfaa na amfuate mwandishi huyo, kwa kuwa hayo ndiyo malipo pekee ambayo huduma hii inaturuhusu kuyatoa.