Sare za Kwaya Ngamiani: Karakana ya Ushonaji Iliyotukataa Kwanza

Katika mojawapo ya zile barabara za Ngamiani, Tanga, ambazo wenyeji huzijua kwa namba kuliko kwa majina, ipo karakana ya ushonaji ya mama mmoja Mkristo ambayo hushona karibu kila vazi linalohitajika kanisani: sare za kwaya, magauni meupe ya Komunyo ya Kwanza, kanzu za watumishi wa altare, vitenge vya WAWATA (umoja wa wanawake Wakatoliki Tanzania), na suti za wachumba wanaokaribia kufunga ndoa. Mwenyewe ameomba jina lake na namba yake ya simu visiandikwe, kwa kuwa wateja alio nao wanamtosha, nami nimeliheshimu ombi hilo. Mkazi wa Tanga atakayewauliza mafundi wa mtaa huo habari za yule mama anayerudisha mabaki ya vitambaa ataelekezwa bila shida. Kwaya yetu ilimpa kazi mwaka 2024, na kwa kuwa sare hizo zimekwisha kuvaliwa na kufuliwa kiasi cha kutosha, zinaweza sasa kuhukumiwa kwa haki.

Juu ya meza ya kukatia kimetundikwa kibao chenye maneno ya Wakolosai 3:23: “Na lo lote mfanyalo, lifanyeni kwa moyo, kama kwa Bwana, wala si kwa wanadamu.” Nilipokiona kwa mara ya kwanza hakikunigusa. Maduka, vyombo vya usafiri na vinyozi wa nchi hii wamejaa maandiko, na wengi wetu tumewahi kudhulumiwa chini ya Zaburi iliyoandikwa kwa rangi ya dhahabu. Andiko la ukutani halikazi kifungo. Kwa fundi cherehani, imani yake mimi huitafuta katika mambo mawili ambayo Watanzania wote wameumizwa nayo, yaani tarehe ya kuchukua nguo na kitambaa kinachobaki.

Nianze na tarehe, kwa sababu hapo ndipo karakana hii ilipotushangaza na, kwa kusema kweli, kutuudhi. Mwaka 2024 Pasaka ilikuwa tarehe 31 Machi, na Idd el-Fitri ikaadhimishwa tarehe 10 Aprili, kwa hiyo Kwaresima na Ramadhani ziliishi pamoja kwa majuma kadhaa na kila fundi wa Tanga alikuwa amezama katika vitambaa vya dini zote mbili. Viongozi wa kwaya tulifika katikati ya Machi tukiwa na kitenge chetu na fedha mkononi, tukiomba sare za watu 28 kwa ajili ya mkesha wa Pasaka. Mama yule alitusikiliza hadi mwisho, akafungua daftari lake kubwa, akapitisha kidole kwenye kurasa, kisha akasema: “Wapendwa, hazitakuwa tayari. Mkizitaka kwa Pasaka, nendeni kwa mwingine leo hii, msichelewe.”

Mwenyekiti wetu, mtu mzima ambaye hajazoea kukataliwa, alimkumbusha kwamba sisi ni wa parokia moja naye, na kwamba nguo hizi ni za kumwimbia Mungu. Jibu alilopewa, kwa sauti ya heshima kabisa, ni hili: “Shikamoo zangu zote kwako, baba, lakini kanzu za watu wa Idd ziliandikwa humu kabla yenu, na wenyewe nimekwisha kuwaambia ndiyo. Nikizisogeza kwa ajili yenu, nitakuwa nimewaibia siku zao.” Akatupa tarehe yake, Jumamosi ya 20 Aprili, ili tuvae Jumapili ya nne ya Pasaka, ile ya Mchungaji Mwema. Hakuchukua hata shilingi ya arubuni siku ile. Alitaka twende tukashauriane kwanza.

Msomaji ambaye hajawahi kuambiwa “njoo kesho” na fundi anaweza kuliona jambo hili kuwa dogo. Wengine tunajua jinsi inavyokuwa: fundi hupokea kitambaa chako na nusu ya fedha huku akijua kabisa kwamba hataweza, kisha hukulea kwa ahadi, leo umeme, kesho msiba, keshokutwa uzi wa rangi yako umekwisha, mpaka siku ya sherehe unapokabidhiwa nguo yenye joto la pasi na vifungo visivyotimia. Uongo huo tumeuzoea kiasi kwamba hatuuiti tena uongo, na naamini wapo mafundi wanaoshiriki Meza ya Bwana kila Jumapili bila kuwaza kuuungama. Katika Mathayo 5:37 Yesu anasema, “Bali maneno yenu yawe Ndiyo, ndiyo, Siyo, siyo,” na kila ninapousikia mstari huo ukihubiriwa mifano inayotolewa ni ya viapo na mahakama. Ningependa siku moja mhubiri autumie kuzungumzia mafundi, na pia makatibu wa kwaya wanaotangaza mazoezi ya saa kumi huku wakikusudia saa kumi na moja.

Tulikubali tarehe yake, baada ya mabishano. Pasaka tuliimba kwa sare za zamani. Jumamosi ya 20 Aprili nguo zote 28 zilikuwa zimekunjwa, kila moja ikiwa na karatasi ya jina la mwimbaji iliyobanwa kwa pini.

Kando ya nguo lilikuwako furushi la mabaki, na hilo ndilo jambo la pili. Anayenunua kitambaa kwa ajili ya watu wengi hulazimika kununua cha ziada, na fundi mwenye akili, akipanga vipande vizuri mezani, huokoa mita kadhaa ambazo kwa desturi ya mjini hugeuka kuwa sketi za watoto wake au mito ya kuuza. Sisi tulirudishiwa vipande vyote vilivyozidi upana wa kiganja, vikiwa vimeviringishwa na kufungwa kwa ukanda wa kitambaa hichohicho. Kutokana na mabaki hayo alishonewa sare mwimbaji mpya aliyejiunga nasi baadaye, na bado kipo kipande cha viraka.

Ninapofikiri juu ya furushi lile namkumbuka Dorkasi wa Yafa. Katika Matendo ya Mitume sura ya 9, Petro alipofika chumbani ulimolazwa mwili wake, wajane walisimama karibu naye wakilia, wakimwonyesha kanzu na nguo ambazo mwanamke yule aliwashonea alipokuwa hai. Hakuna aliyemsimulia mtume jinsi Dorkasi alivyosali, ingawa bila shaka alisali. Ushahidi uliotolewa ulikuwa wa nguo, na wajane waliokuwa wakiuonyesha walijua vema kama mishono ilikuwa imara au ilifumuka.

Basi tuitazame mishono. Magauni 17 ya akina mama yamekatwa kwa uangalifu mkubwa: maua ya kitenge yanakutana begani na kwenye mshono wa kati wa mgongo, jambo ambalo hula kitambaa na muda na ambalo waumini wakiwa wamekaa kwenye viti vyao hawatalitambua kamwe. Kingo za ndani zote zimepigwa ovaloki. Pindo la chini limeachwa nene, na pembeni zimebakizwa sentimeta za kutosha kumfungulia aliyenenepa, hekima ambayo kwaya yoyote yenye akina mama wanaojifungua itaithamini. Mashati 11 ya wanaume hayakufikia kiwango hicho. Kola za baadhi yake zimewekewa kitambaa kigumu mno kwa joto la Tanga, na katika masika, hewa ikiwa nzito kwa unyevu wa bahari, sauti ya nne huimba ikiwa imeinua shingo. Zipu za magauni nazo ni za bei rahisi. Tatu zimekwisha kuharibika. Tulipozirudisha, mama alizibadilisha bila kudai malipo, ila aliweka zipu za aina ileile, na kwa maoni yangu anayefanya kazi “kama kwa Bwana” anapaswa kufikiria upya anakonunua zipu.

Gharama ya ushonaji ilikuwa shilingi 22,000 kwa gauni na 15,000 kwa shati, kitambaa kikiwa chetu. Karakana nyingine tuliyoiulizia ilitaka 25,000 na 18,000. Mtakatifu Benedikto, ambaye wanawe, watawa Wabenedikto, tunawafahamu kwa kazi zao za Peramiho na Ndanda, aliagiza katika sura ya 57 ya kanuni yake ya karne ya 6 kwamba kazi za mafundi wa monasteri ziuzwe kwa bei pungufu kidogo kuliko ya watu wa nje, ili tamaa isipenye katika bei. Sidhani kama mama yule anaijua sura hiyo. Wala sina hakika kwamba agizo la watawa linamfaa fundi mwenye kodi ya pango na ada za shule, kwani punguzo lake ni riziki ya jirani yake anayeshona mlango wa tatu, na sharti lilipwe na mtu fulani. Nilitaka kujua kama linalipwa na wafanyakazi wake.

Kwa mafundi wanne walioajiriwa, hapana. Hulipwa kila Jumamosi jioni kabla ya mlango kufungwa, na mmoja wao alinieleza kwamba juma ambalo wateja hawakulipa, mama alikopa ili awalipe wao. Walawi 19:13 inakataza ujira wa aliyeajiriwa kukaa kwa mwajiri usiku hata asubuhi. Hapa torati hiyo inashikwa kwa kipimo cha juma, nao wenyewe wameridhika. Kwa wanagenzi wawili nina wasiwasi zaidi. Hawatozwi ada, tofauti na karakana nyingi ambako mwanagenzi hulipia kufundishwa, lakini wanapewa nauli na chakula cha mchana tu, huku wakifagia, wakiwasha pasi ya mkaa na kushikiza vifungo vingi sana. Mwenyewe anasema hulipwa kwa kipande mara wanapoweza kushona nguo nzima. Ningependa kipindi cha kungoja hatua hiyo kiwe na mwisho ulioandikwa, kama zinavyoandikwa tarehe za wateja.

Kuhusu sala yenyewe, mteja afahamu utaratibu. Saa sita mchana cherehani husimama na Wakatoliki waliomo husali Malaika wa Bwana. Fundi mmoja ambaye ni Mwislamu huendelea na kazi yake bila kuangaliwa vibaya, naye hupewa nafasi ya kuswali adhuhuri wakati wake ukifika. Sala ile ni fupi na inapendeza. Kinachochosha ni nyakati ambapo mama huongeza nia za wagonjwa, za safari na za mitihani mpaka mteja aliyesimama kwenye kibaraza chembamba, jua likimpiga, aanze kuhama kutoka mguu mmoja kwenda mwingine. Viti viwili vya kungojea havitoshi. Mwenye kusali hana haki ya kumtoza mgeni muda wake, na benchi moja zaidi chini ya kivuli lingekuwa nyongeza njema kwa ibada ya mahali hapa. Redio ya nyimbo za Injili nayo ingeweza kupunguzwa sauti wakati wa kuchukua vipimo, maana mara mbili nilisikia “tisini” ikiandikwa “themanini,” na msaidizi akalazimika kupima upya.

Jumapili hufungwa kabisa, hata ile ya mwisho kabla ya Krismasi, ambapo fundi yeyote wa Tanga angeweza kuingiza fedha ya mwezi. Nilipomuuliza mama kama haoni hasara, hakunitajia amri ya tatu wala hofu ya dhambi. Alisema mafundi wake huumwa migongo. Kumbukumbu la Torati 5:14 inatoa sababu hiyohiyo kwa maneno yake yenyewe, kwamba mtumwa na mjakazi wapate kupumzika kama bwana wao, na wateja Waislamu wa mtaa huo wamekwisha kuizoea ratiba hiyo. Huja Jumamosi asubuhi.

Kwa hiyo naipendekeza karakana hii kwa kwaya, jumuiya na familia zinazoweza kupanga mapema, na siipendekezi hata kidogo kwa mwenye harusi ya juma lijalo. Kazi ya Krismasi ipelekwe kabla ya Oktoba kwisha, na ya Pasaka kabla ya Jumatano ya Majivu, hasa katika miaka hii ambayo Ramadhani na Kwaresima zinakaribiana. Malipo ni kwa fedha taslimu au kwa simu, nusu wakati wa kukabidhi kitambaa na nusu wakati wa kuchukua nguo, na risiti huandikwa kwa mkono bila kuombwa. Wanaume waombe kola laini, na anayeshonewa gauni anunue zipu yake mwenyewe dukani, iliyo nzito, aikabidhi pamoja na kitambaa.