Kamera ya Hi8 na deki ya VHS: uzoefu wangu wa kurekodi na kunakili kanda za harusi Mombasa

Ninavyovizungumzia hapa ni vitu viwili vinavyofanya kazi kwa pamoja: kamera ndogo ya mkononi ya Hi8 (inayotumia kaseti ndogo yenye utepe wa milimita 8), ya mwishoni mwa miaka ya 90, na deki ya kawaida ya VHS iliyokuwa chini ya TV ya mamangu. Majina ya kampuni nayaacha, maana baadhi ya nitakayoyalalamikia ni ya kamera yangu iliyotumika sana, na huenda yako haina hayo. Nimezitumia Mombasa, kwenye harusi, na zaidi upande wa wanawake. Kwa sababu ya upande huo kamera hii sijaiuza mpaka leo, ingawa simu niliyo nayo mkononi inapiga picha safi kuipita.

Asiye wa pwani nimweleze kidogo. Nikahi hufungwa msikitini, wanaume watupu, na hapo mpiga video yeyote anafaa. Kupamba ni jambo jingine. Bibi harusi huonyeshwa kwa wanawake wenzake, mabuibui yamevuliwa, nywele zimetengenezwa, dhahabu zimetolewa kabatini, watu wanacheza chakacha mpaka jasho. Mwanamume haingii, na kanda ya siku hiyo mwanamume haiangalii. Wapiga video wanawake walipatikana hata miaka hiyo. Shida ilikuja baada ya shughuli: kanda yataka kunakiliwa, na kwenye duka la kunakili kuna vijana wameketi mbele ya TV zinazoonyesha kila kinachopita kwenye deki. Shangazi yangu aliponipa kazi ya harusi ya mwanawe aliniwekea sharti moja tu: "Mwanangu, kanda hii haitoki mlango huu." Haikutoka. Kamera yenyewe ndiyo iliyocheza, deki ya mamangu ikapokea, katikati waya wa vichwa vitatu (cha njano cha picha, cheupe na chekundu vya sauti), na kazi ikaishia sebuleni pazia zimeshushwa.

Sasa tuje kwenye picha. Hi8 ilitoka mwaka 1989, miaka minne baada ya Video8 iliyoitangulia, na hutoa mistari kama 400 ya ukali wa picha. VHS hutoa kama 240. Tofauti hiyo utaiona kwenye mikono ya bibi harusi. Ukichomeka kamera kwenye TV na kucheza kanda aliyopigiwa, maua ya piko unayafuata moja moja mpaka kwenye vidole. Ukiicheza nakala ya VHS ya dakika hiyohiyo, maua yameungana, umebaki na kiganja cha rangi ya kahawia. Na rangi nyekundu ndiyo mbaya zaidi: kwenye VHS humwagika nje ya mpaka wake, midomo inaonekana imepakwa rangi mpaka shavuni na leso nyekundu inamfuata nyuma aliyejifunga. Hakuna fundi wa kukuondolea hilo, VHS ndivyo ilivyo. Kwa hiyo mimi sikubali kunakili nakala. Kila anayetaka kanda anapigiwa kutoka kwenye kanda ya kwanza. Nakala ya nakala ina chenga, na ya tatu yake huwezi kumjua bibi harusi na somo wake, yule mwanamke anayemfunda, nani ni nani.

Sauti ina ila yake. Maikrofoni ya kamera hizi hujipunguza yenyewe sauti ikizidi. Kwenye hotuba ni raha, kwenye kupamba ni balaa: wanawake wakipiga vigelegele kamera inashtuka, inabana sauti, na mwimbaji anazama kama amefungiwa chooni kwa sekunde mbili tatu, kisha anarudi polepole na mvumo wa feni nyuma yake. Kama kamera yako ina tundu la maikrofoni ya nje, itumie, uiweke karibu na spika lakini si mbele yake. Yangu inarekodi stereo, deki ya mamangu ilikuwa na tundu moja tu la sauti, basi kichwa chekundu kikabaki kinaning'inia.

Kunakili kwenyewe hakuna njia ya mkato. Dakika 90 za kanda zinakula dakika 90 za maisha yako. Kanda za Hi8 za PAL, yaani mfumo wa picha wa TV zetu za wakati huo, zilizokuwa rahisi kupata ni zile za P5-90 zenye dakika 90, na za VHS ni E-180 yenye saa tatu, kwa hiyo kanda mbili za kamera zinaingia kwenye moja ya deki bila kubaki nafasi ya kucheza. Kuna mbio ndefu, LP, inayoongeza muda mara mbili. Usiiguse, si kwenye kamera wala kwenye deki. Kanda zangu za LP ndizo zinazonisumbua leo kuzisoma, za mbio ya kawaida zinacheza.

Kabla ya kubonyeza chochote, zima maandishi ya kamera. Kuna kitufe cha kuficha tarehe, alama ya betri na kaunta. Ukikisahau yote hayo yanaingia kwenye nakala na hayatoki tena. Kamera nyingi pia zina chaguo la EDIT kwenye menyu, na baadhi ya deki zina swichi yake. Liwashe wakati wa kunakili, picha inapoteza kidogo kuliko ukiacha. Kisha deki uiweke kwenye AV (tundu la waya), siyo kwenye chaneli, uifanye iwe tayari kurekodi lakini imesimama, uanze kamera, uachie deki. Deki huchelewa kidogo kuamka, kwa hiyo rudisha kanda ya kamera nyuma sekunde chache kabla ya pale unapotaka paanze. Na usiende kupika chai ukiiacha deki imesimama: baada ya kama dakika tano huacha yenyewe isije ikaisugua kanda pale pale.

Ukitaka kukata vipande, mathalani yule mgeni aliyeomba asionekane, utakutana na upinde wa mvua. Ni rangi zinazotiririka juu ya picha kwa sekunde kadhaa kila unaposimamisha na kuanza tena. Sababu ni kwamba deki za bei nafuu hazina hedi ya kufutia (hedi ni kile kichwa kinachosoma, kuandika au kufuta utepe) iliyo kwenye ngoma, ile silinda inayozunguka ndani ya deki, pamoja na hedi za picha, kwa hiyo ya zamani haifutiki sawasawa pale pa kuungia. Tumia kanda mpya isiyowahi kurekodiwa na tatizo linapungua sana. Watu wa harusi, kusema kweli, hawalioni. Wanatafuta wao walivaa nini.

Stima ikikatika katikati ya kazi kuna kichekesho chake: kamera iko kwenye betri, inaendelea kucheza kwa furaha, deki imekufa. Unarudi pale ilipokatikia na upinde wako wa mvua.

Kanda zilizonitoka mkononi zilikwenda mbali. Za Muscat hazikuwa na taabu, Oman walitumia PAL kama sisi, mtu anabeba kaseti kwenye mkoba na ikifika inaingia kwenye deki. Za Toronto ndizo zilizoleta simu za malalamiko. Kule ni NTSC, mistari 525 na picha 30 kwa sekunde, yetu ni 625 na picha 25. Kaseti inaingia vizuri kabisa, umbo ni lilelile, na kinachotoka kwenye TV ni picha inayoviringika, haina rangi. Dawa ilikuwa deki ya mifumo yote, zile zilizokuwa zikiletwa kutoka Dubai. Familia moja ya huko ilinunua ya namna hiyo kwa ajili ya harusi za nyumbani tu.

Hewa yetu haiipendi kamera hii. Ukitoka ukumbi wenye eesii ukaingia uani, unyevu unaganda ndani ya ngoma, kamera inaonyesha alama ya tone la maji na inagoma. Inafanya vyema kugoma, kanda ingenata. Ifungue mlango wa kanda, uiache kama saa moja. Mimi huiweka ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa kabla ya kuhama chumba, niitoe ikishazoea. Kanda nazo hupata ukungu mweupe kwenye kingo za utepe, utauona kupitia kidirisha. Kanda yenye ukungu usiitie kwenye kamera nzuri hata kwa kujaribu, itachafua hedi na hedi itachafua nyingine zote.

Kuna swichi moja kwenye yangu nimeiziba kwa selotepu, ya kupigia gizani kwa miale ya infraredi. Sony waliileta kwa jina la NightShot mwaka 1998, na mwaka huohuo wakalazimika kuirekebisha baada ya kubainika kwamba ikitumiwa mchana pamoja na kichujio huweza kupenya baadhi ya nguo nyepesi. Siihitaji, na katika kazi kama yangu sitaki mtu aione hata ikiwa imezimwa.

Watu huniuliza kwa nini nisihamishie zote kwenye kompyuta nikamaliza. Nimehamisha baadhi. Kifaa kidogo cha USB kinachopokea waya wa njano ni rahisi na kinafanya kazi, ila changu, kwenye kanda ndefu, midomo na sauti huachana taratibu mpaka mwimbaji amefunga mdomo na wimbo unaendelea. Afadhali kamera ya Digital8, iliyoanza mwaka 1999. Baadhi yake, siyo zote, hucheza kanda za Hi8 na kuzitoa kidijitali kwa waya wa FireWire. Saa moja hula kama GB 13, na kompyuta mpya hazina tundu hilo, utahitaji adapta au kompyuta kuukuu.

Lakini kuna wenye kanda waliokataa, nami nawaelewa. Kaseti ya VHS ili inakiliwe yataka deki mbili, saa tatu na mtu aliyeketi hapo. Zimetoka ngapi na ziko kwa nani, mama wa bibi harusi anazijua kwa majina. Faili inatoka kwenye simu kwa kidole kimoja. Leo kwenye kupamba simu huachwa mlangoni, kisha tuchukue harusi ya 1999 tuiweke kwenye simu? Dada mmoja aliniomba niifute kabisa ya kwake. Nilimfanyia mbele yake: kifuniko juu ya lenzi, kitufe chekundu, tukanywa kahawa mpaka kanda ikafika mwisho. Ile ya VHS akaichukua.

Kwa hiyo nani anunue? Kama unataka kuanza kupiga video leo na huna kanda hata moja ya zamani, wacha. Kanda mpya za Hi8 ni adimu na ghali, na kiwanda kilichoendelea kutengeneza deki za VHS kwa muda mrefu kuliko vingine vyote, Funai cha Japani, kilisimamisha mwaka 2016, kwa hiyo kila deki utakayoiona ni ya mitumba. Kama kuna mfuko wa kanda juu ya kabati la bibi yako, nunua moja inayocheza, upesi, kabla hazijapata ukungu. Nenda na kanda yako isiyo na thamani ya kujaribia, siyo ile ya muuzaji. Icheze dakika kumi, iende mbele, irudi, uitoe, uiangalie kama imekwanguka. Sikiliza mlango wa kanda unavyofunga: ukifanya kelele za kusaga, rudisha. Za mwanzoni mwa miaka ya 90 zina tatizo la kapasita kuvuja ndani, picha inakuja hafifu au haiji kabisa, na fundi atakayekubali kuzibadilisha ni wa kutafutwa kwa taa. Uliza chaja yake iko wapi, kamera nyingi zinauzwa bila chaja. Na ukikuta imesahauliwa kanda ndani, mrudishie mwenyewe bila kuicheza.