Maziwa ya Mimea kwa Kahawa: Yapi ya Kununua Kwanza, Yapi ya Kuacha Dukani

Wengi wanaoacha maziwa ya ng'ombe hukosea mbele ya rafu. Huchagua kitu wanachopenda kukitafuna, lozi au korosho au nazi, kisha nyumbani wakimimina kwenye kahawa ya moto wanaona vipande vyeupe vikielea. Pakiti inatupwa, na watu wanahitimisha kwamba maziwa ya mimea hayafai kwa kahawa. Maziwa yale hayakuwa mabovu. Yamekatwa na uchachu wa kahawa ukisaidiwa na joto, kwa hiyo uchaguzi mzuri huanzia kwenye kahawa unayokunywa.

Kahawa nyingi ina pH (kipimo cha uchachu: namba ikishuka, uchachu unazidi) karibu na 5. Protini ya soya huanza kushikana na kufanya mabonge pH inapokaribia 4.5, na joto huharakisha kazi hiyo. Protini za maziwa ya ng'ombe huvumilia joto vizuri zaidi, ndiyo maana tatizo hili hukulijua zamani. Kahawa ya aina ya arabika iliyokaangwa kidogo, hasa ile ya Nyeri na Kirinyaga inayosifika kwa uchachu wake, ndiyo mtihani mgumu kuliko yote. Robusta ya Bukoba, au arabika iliyokaangwa hadi ikaiva sana, haina ugomvi mkubwa na maziwa ya aina yoyote.

Jambo jingine la kulijua mapema ni sababu ya kuhama. Kama tumbo linakusumbua kwa sababu ya laktosi tu, yaani sukari ya maziwa, yapo maziwa ya ng'ombe yaliyoondolewa laktosi, nayo hutoa povu na kuchanganyika na kahawa kama ulivyozoea. Huenda huhitaji kuhama kabisa. Lakini kama una mzio wa protini ya maziwa, hayo hayakufai. Wala usikimbilie krimu ya unga ya kahawa kwa kuwa imeandikwa kwamba si maziwa: nyingi zina kaseini, ambayo ni protini ya maziwa yenyewe. Soma viungo mpaka mwisho.

1. Oti, toleo la barista

Kwa kahawa ya maziwa ya kila siku, hili ndilo chaguo la kwanza, na halina mshindani wa karibu. Oti hizi ni zilezile za uji wa asubuhi, ila kiwandani wanga wake huvunjwa kwa vimeng'enya na kuwa sukari ya maltosi. Ndiyo sababu maziwa haya yana utamu hata pale ambapo hakuna sukari iliyoongezwa. Njia hiyo ilitokana na utafiti wa Chuo Kikuu cha Lund, Uswidi, na kampuni ya Oatly ikazaliwa hapo miaka ya 1990. Leo viwanda vingi vinatengeneza.

Neno la kutafuta kwenye pakiti ni "barista", yaani mtengeneza kahawa. Si pambo la biashara. Toleo hilo huongezwa mafuta, mara nyingi ya kanola, hadi kufikia karibu gramu 3 kwa mililita 100, pamoja na dipotasiamu fosfeti (E340) inayozuia uchachu wa kahawa usiyakate maziwa. Pakiti ya kawaida ya oti ina mafuta machache, povu lake hupotea upesi, na kikombe huonekana kama kimetiwa maji. Kama tofauti ya bei kati ya hizo mbili ni ndogo, chukua ya barista bila kusita.

Kasoro zake: protini ni kidogo, kwa kawaida gramu 1 hivi kwa mililita 100, na mwenye kisukari aihesabu sukari ya maltosi kama sukari nyingine. Mwenye ugonjwa wa siliaki, ambaye mwili wake haupatani na gluteni (protini ya ngano), anunue tu zile zilizoandikwa kuwa hazina gluteni, kwa maana oti nyingi huchanganyika na ngano shambani au kiwandani.

Usijaribu kuzitengeneza nyumbani kwa ajili ya kahawa. Oti ulizosaga kwenye blenda bado zina wanga wake wote, na zikipata moto zinageuka uji.

2. Soya isiyo na sukari

Ukitaka lishe iliyo karibu na ya maziwa ya ng'ombe, nunua soya. Ina takriban gramu 3 za protini kwa mililita 100, na protini hiyo ndiyo inayoshikilia povu. Kwa mtu anayetegemea kikombe cha maziwa asubuhi kama sehemu ya chakula, tungeiweka namba moja. Imeshuka kwa sababu ya kukatika tu, na hilo linazuilika:

Acha kahawa itulie dakika moja au mbili baada ya kuichuja. Pasha soya hadi iwe vuguvugu, nyuzi 55 hadi 60 za Selsiasi. Kama huna kipimajoto, ni pale ambapo jagi la bati linaanza kuchoma kiganja. Tia maziwa kikombeni kwanza, kisha mimina kahawa juu yake polepole huku unakoroga. Ukifanya kinyume, matone ya kwanza ya maziwa hukutana na uchachu na joto lote kwa mara moja, na hapo ndipo yanapokatika. Ukizidisha nyuzi 70 wakati wa kupasha, yanaweza kukatika hata kabla ya kuiona kahawa.

Soya ya kupika nyumbani ni rahisi, lakini kwenye kahawa ni ngumu kuitawala. Tena lazima ichemke dakika 15 au 20 baada ya kusagwa, kwa sababu soya mbichi ina viini vinavyozuia mmeng'enyo wa protini. Kama harufu ya maharage mabichi bado ipo, haijaiva.

3. Korosho, ya kutengeneza mwenyewe

Pakiti za oti na soya zinazouzwa kwenye supamaketi za Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa nyingi zimetoka nje, na bei yake inaonyesha safari hiyo. Korosho zinatoka Mtwara na Lindi. Kwa asiyetaka kulipia meli, hii ndiyo njia, na kwa ladha tu inaweza kuishinda soya.

Nunua korosho zilizobanguliwa ambazo hazijakaangwa wala kutiwa chumvi. Chukua zilizovunjika, ni nafuu kuliko nzima, na kwenye blenda hazina tofauti. Kwa lita moja:

Loweka gramu 100 kwenye maji baridi kwa saa 4, au nusu saa kwenye maji ya moto. Mwaga maji hayo na uzisuuze. Saga kwanza na mililita 300 tu za maji safi kwa dakika mbili, mpaka ukipaka tone kati ya vidole usisikie chembe. Ndipo uongeze mililita 700 zilizobaki na chumvi kidogo, usage tena sekunde chache. Ukitia maji yote mwanzoni, vipande vinakimbia visu na maziwa yanabaki na mchanga. Blenda ikiwa dhaifu, chuja kwa kitambaa cha tui.

Matokeo ni karibu gramu 4 za mafuta kwa mililita 100, kiasi kile cha maziwa halisi, na protini chini kidogo ya gramu 2. Yapashe hadi nyuzi 60 tu, kwani korosho ina wanga na yakichemka yanakuwa mazito kama mchuzi. Kahawa yako ikiwa chachu, ongeza magadi ya soda kiasi cha ncha ya kisu kwa lita nzima. Yakizidi, utaonja sabuni. Hukaa siku 3 kwenye friji, na yakijitenga tikisa tu. Kumbuka hayana kalsiamu ya kutosha wala vitamini B12.

4. Nazi

Uzuri wa tui ni kwamba lina protini kidogo, kwa hiyo halifanyi mabonge kama soya. Ubaya ni uleule: bila protini hakuna povu la maana, na mafuta hupanda juu ya kikombe. Kwa kahawa, tui la pili linatosha. Kama unatumia la kopo, ambalo kwa kawaida lina mafuta ya asilimia 17 hadi 20, changanya mililita 100 na mililita 350 za maji, nalo litafika karibu asilimia 4. Linapatana na robusta na kahawa iliyokaangwa sana, hasa ukitia iliki. Kwenye arabika laini, ladha ya nazi huifunika kahawa yote.

Usilitie kwenye kahawa ya barafu. Mafuta ya nazi huganda chini ya nyuzi 24 hivi, na utakunywa vidonge vya mafuta.

5. Lozi, na mchele mwishoni

Soma asilimia kwenye pakiti ya lozi: nyingi zina lozi asilimia 2 au 3 tu, na protini nusu gramu kwa mililita 100. Unalipia maji kwa bei ya lozi, na bado yanakatika kwa urahisi. Faida yake ni kwa anayepunguza kalori. Mchele ni mwembamba na mtamu, hautoi povu. Ununue pale tu ambapo mzio umekuzuia soya, lozi na korosho. Uingereza inashauri watoto chini ya miaka 5 wasipewe kinywaji cha mchele kwa sababu ya aseniki, ambayo ni sumu. Na mtoto ambaye hajatimiza mwaka asipewe maziwa yoyote katika orodha hii badala ya maziwa ya mama au ya kopo ya watoto.

Kabla ya kulipa

Tangu hukumu ya Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2017, pakiti nyingi za huko zimeandikwa "kinywaji" badala ya "maziwa", kwa hiyo jina lisikuchanganye. Angalia vitu vitatu: mafuta yakaribie gramu 3, sukari isiwe imeongezwa, na kalsiamu ifike miligramu 120 kwa mililita 100, ambayo ni kiwango cha maziwa ya ng'ombe. Zile za kilimo hai kutoka Ulaya mara nyingi hazijaongezwa kalsiamu. Na iliyoongezwa hutuama chini, kwa hiyo tikisa pakiti kila unapomimina, la sivyo utaiacha yote ndani.

Bei ipime kwa kikombe. Anayekunywa late (kahawa ya maziwa mengi) yenye maziwa mililita 180 hupata vikombe 5 kwa lita. Anayetia mililita 40 tu ya kuondoa ukali hupata 25. Wa kwanza ndiye mwenye sababu ya kujifunza kutengeneza korosho. Wa pili anunue barista ya oti, ila aangalie kwamba ataimaliza.

Kwa kahawa ya unga wa kuyeyuka, kama Africafé, usichemshe maziwa ya mimea pamoja na unga. Yeyusha unga kwa maji ya moto kidogo, halafu ongeza maziwa vuguvugu. Ukipenda tangawizi mbichi, ichemshe kwenye maji kwanza: ina kimeng'enya kinachovunja protini na kuyakata maziwa, nacho hufa kwa moto.

Anza na pakiti moja, usinunue katoni. Changanya mililita 50 za maziwa vuguvugu na 50 za kahawa yako kwenye glasi, subiri dakika 2, kisha uinamishe. Ukiona chembe zimeshika ukutani, hiyo na kahawa yako haziendani. Ikishafunguliwa, pakiti ikae kwenye friji na iishe ndani ya siku 5. Iliyovimba kabla ya kufunguliwa irudishe dukani.