Majani, buni au kopo: cha kununua kwa chai na kahawa ya nyumbani Mombasa

Kabla hujafika dukani, onja maji yako. Wengi Mombasa tunapikia ya kisima, na mji huu umekaa juu ya mwamba wa matumbawe. Maji yanayopita humo hubeba chokaa, na karibu na bahari hubeba chumvi pia. Chai ya maji hayo hukosa wekundu, hutanda utando juu ya kikombe, na majani ya bei kali hayaonyeshi tofauti na ya bei rahisi. Kama kwako ni maji ya chumvi, tenga kwanza mtungi wa lita 20 wa maji matamu, wa chai na kahawa tu. Kisha ndiyo tuzungumze majani.

Orodha hii nimeipanga kwa nyumba inayokunywa chai ya maziwa kwa mahamri asubuhi, halafu jioni ikataka chai ya rangi au kahawa.

1. Majani ya CTC, pakiti ya gramu 250

Chai ya Kenya karibu yote ni ya CTC: jani linapitishwa kwenye mashine, linapondwa, linapasuliwa na kusokotwa mpaka likawa chembe. Chembe zikishakauka huchekechwa kwa ukubwa. BP1 ni kubwa, PF1 inafuata, halafu PD na D1 zilizokaribia vumbi. Majina hayo ya madaraja ndiyo wanunuzi wanayoshindania kwa dola katika mnada wa chai wa hapa hapa mjini, unaouza pia chai ya Uganda, Rwanda na nchi nyingine jirani. Ajabu ni kwamba mtu anaishi hatua chache kutoka maghala ya chai ya Shimanzi na bado ananunua majani kwa kutazama picha ya pakiti.

Daraja hupima ukubwa wa chembe tu. Halisemi shamba lilikuwa zuri au kiwanda kilikuwa safi. Vumbi la kiwanda kizuri huishinda BP1 ya kiwanda kizembe, kwa hivyo usimcheke anayenunua vumbi. Linalobadilika ni namna ya kupika. Chembe ndogo hutoa rangi na ukali haraka, nayo ndiyo hoteli na vibanda hupenda, maana kijiko kidogo kinatosha sufuria kubwa. Chembe kubwa hutoa polepole, haikimbilii uchungu, na kwa chai ya rangi ndiyo ninayoichagua. Kwa nyumba inayopika zote mbili, PF1 inakaa katikati na haikuangushi.

Pakiti nyingi za dukani haziandiki daraja. Ukishafungua moja, mimina kidogo kiganjani. Chembe zikikaribia ukubwa wa ufuta umepata BP1. Zikikwama kwenye mistari ya kiganja usiweze kuzipangusa, hilo ni vumbi. Chembe ziwe nyeusi zenye kung'aa kidogo. Ukiona nyuzi nyingi za rangi ya kahawia ndani yake, hivyo ni vikonyo na unalipia uzito usio na ladha.

Kwa nini gramu 250 na si kilo, ilhali kilo ni nafuu? Kwa sababu ya hewa yetu. Majani huvuta unyevu na harufu, na kabati la jikoni Mombasa lina vyote viwili. Kikombe kimoja hutumia kama gramu 2, kwa hivyo watu watano wakinywa kimoja kimoja kwa siku, gramu 250 hazimalizi mwezi. Yahamishie kwenye kopo la bati lenye kifuniko cha kubana, mbali na sabuni na mbali kabisa na ng'onda, samaki mkavu. Vipakiti vidogo vya kibandani, ukipiga hesabu kwa gramu, kwa kawaida ni ghali zaidi, lakini kwa anayeishi peke yake vina faida moja: havipati nafasi ya kuchacha.

Na anayeweka tangawizi mbichi aichemshe kwanza na maji, maziwa yafuate baadaye. Tangawizi mbichi ina kimeng'enya kinachokata maziwa, na moto ndio unaokiua. Maziwa yakikatika sufuriani watu hulaumu muuza maziwa bure.

2. Buni ya kusagwa mbele yako

Kahawa tungu imewekwa ya pili kwa sababu moja tu: barazani ipo tayari, ndani ya dele, birika la kahawa, juu ya makaa, na muuzaji anakupitia akigonganisha vikombe. Ya nyumbani lazima iwe na sababu. Ukiwa nayo, nenda Marikiti, kando ya barabara ya Digo, uchague buni, ikaangwe na kusagwa ukiona kwa macho yako. Ile iliyosagwa zamani na kukaa wazi kwenye gunia haina harufu tena, na iliki haitaiokoa.

Hapa ndipo watu hupoteza pesa. Wanasikia AA ndiyo kahawa bora ya Kenya, wanaitafuta, wanailipia, kisha wanaikaanga mpaka nyeusi na kuichemsha na tangawizi. AA nayo ni ukubwa wa punje. PB, daraja jingine, ni punje ya duara, iliyokua peke yake ndani ya tunda badala ya kuwa mbili. Sifa ya arabika ya milimani Kenya ni uchachu wake wa matunda, na uchachu huo ndio wa kwanza kufa ikikaangwa sana. Kwa dele, AB, yenye punje ndogo kidogo kuliko AA, inatosha na zaidi. Tena ukichanganya na robusta kidogo, aina nyingine ya kahawa, inapata uzito mdomoni, ule unaotakiwa na tende au kashata. Kumbuka tu kwamba kafeini ya robusta hukaribia mara mbili ya arabika. Anayekunywa baada ya isha na ana kazi alfajiri aipime.

Anayekunywa kahawa ya kuchuja, bila viungo, huyo ndiye wa kununua AA, tena ikaangwe kiasi.

Iliki nunua na maganda yake ya kijani, uiponde siku unayoitumia. Ya unga imeshapoteza nusu ya kazi kabla hujaifungua.

3. Chai ya vifuko

Ofisini, safarini, kwa mgeni anayetaka ya rangi wakati wengine wana ya maziwa. Ndani mara nyingi ni chembe ndogo, kwa hivyo dakika tatu zinatosha. Kwa chai ya sufuria ni hasara. Unalipia karatasi na uzi. Chagua iliyofungwa kimoja kimoja kwenye bahasha, la sivyo unyevu utavila vyote pamoja.

4. Kahawa ya kopo

Sina ugomvi nayo. Africafe, kahawa ya kuyeyuka ya Bukoba, Tanzania, imelea nyumba nyingi za pwani, na ndani ya maziwa ya moto inapendeza. Soma tu upande wa nyuma: kama viungo ni kahawa peke yake, sawa, kama kuna chikori, ujue sehemu ya pesa imenunua mzizi. Kijiko kiwe kikavu kila mara, maana tone moja linagandisha kopo zima.

5. Chai ya zambarau

Ni jani la Kenya kweli, aina ya TRFK 306 iliyotolewa kwa wakulima mwaka 2011, na rangi yake inatokana na anthosiani, rangi ya asili iliyomo kwenye mimea. Ukikamulia ndimu inageuka waridi, watoto wakashangaa. Ukiitia maziwa umeiharibu. Ni ghali, ladha yake ni nyepesi, na mzee aliyezoea chai nzito atakuuliza kama umesahau kuweka majani. Nunua kwa zawadi.

6. Pakiti za mchanganyiko, zenye maziwa na sukari ndani

Geuza pakiti usome. Viungo huandikwa kwa kuanzia kilicho kingi, na kwenye nyingi sukari ndiyo ya kwanza huku kahawa au chai ikija mwishoni. Mwenye kisukari nyumbani asizilete kabisa, kwa sababu hakuna namna ya kupunguza kilichokwisha kuchanganywa. Kama ni lazima, ziwe za safari ya usiku ya basi, kule ambako kinachopatikana ni maji ya moto tu.