Testa ya njano ya Sh 15,000: imenionyesha pikipiki inazima wapi, ila nayo inadanganya

Haya wadau mambo vipi, niko kibandani kwangu hapa Soweto, Mbeya, mvua inapiga bati tangu asubuhi kwa hiyo sauti mnivumilie. Leo nachambua hii testa, kipimo cha umeme cha namba, hii ndogo ya njano mnaiona imetundikwa kwenye maduka ya vifaa vya umeme pale Mwanjelwa, nimeichukua Sh 15,000. Ya kwenye boksi siwasomei, tuione kazini, kwenye ugonjwa ulionitesa miezi mitatu.

Pikipiki ni ya mzee wangu, Mjapani wa miaka ya 70, volti 6, ya platini (vile vibati vinavyofunga na kufungua umeme wa koili, na koili ndo inatoa cheche ya plagi), ya kiki. Unapanda nayo Isyonje unaelekea Tukuyu, inavuta vizuri kabisa, ghafla kata, kimya. Unaisukuma pembeni, unapiga kiki mbili inawaka kama sio yenyewe. Ukiifikisha kwa fundi ndo haizimi kabisaa, inakuaibisha. Nimebadilisha plagi, nikabadilisha kondensa, koili nayo nikabadilisha, kila fundi ana kifaa chake anachokituhumu na mimi nalipa tu.

Sasa hapa ndo testa inapodanganya watu. Mimi niliiweka kwenye mlio, ile alama kama ya spika, nikagusa hasi ya betri na injini, piiii, nikasema bodi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri kupitia chuma cha pikipiki, iko safi. Kumbe ule mlio unapitisha umeme mdogo mno, waya hata ubaki na uzi mmoja ndani utalia vilevile, wakati koili inavuta ampia 3 mpaka 4. Ni kama daraja la magogo, wewe umevuka kwa miguu ukasema zima hili, alafu unaleta fuso la viazi.

Waya unapimwa ukiwa na mzigo. Weka testa kwenye DC 20, yaani kupima volti mpaka 20, washa swichi, zungusha injini taratibu mpaka platini zifunge ili koili ianze kuvuta, ila usiiache hivyo muda mrefu utaiunguza. Ncha nyeusi kwenye hasi ya betri, nyekundu kwenye injini, chuma kitupu sio rangi. Bodi ikiwa nzuri utaona karibu na sifuri, tuseme volti 0.1. Mimi nikaona 1.3! Kwenye pikipiki ya volti 12 hiyo ungeweza kuendesha nayo bila kujua, ila hapa betri nzima ina 6.2, ukiibiwa 1.3 njiani koili inabaki na njaa.

Sogeeni muone, hiki ndo kiringi cha waya wa bodi, kinakaa chini ya tenki. Upande huu unang'aa, geuza, upande huu kuna rangi ya bluu imeganda. Mwaka jana nilipiga fremu rangi, ikapendeza kweli, watu wakasifia, nikafunga kiringi juu ya rangi mimi mwenyewe kwa mikono yangu hii. Umeme ukawa unapita kwenye meno ya bolti tu, barabara ikirindima inaachia. Nimepiga msasa mpaka chuma kimeonekana, nikakaza, nikapaka grisi juu kuzuia maji, nikapima tena, 0.04.

Nikajua nimemaliza. Siku ya pili ikazima nikiwa nakata kona ya kushoto, hapo hapo nikahisi shingo, maana waya za pale zinakunjwa kila ukigeuza usukani, zinakatika ndani ganda likiwa zima. Na hapa testa ikanishinda, namba zake zinabadilika mara mbili tatu kwa sekunde, waya ukiachia chapuchapu haioni kitu. Nikachukua balbu ya dashibodi, volti 6, nikaifunga kati ya waya unaoingia kwenye koili na bodi, nikageuza usukani huku nakunja waya, balbu ikakonyeza. Ukiuvuta waya pale unanyooka kama mpira wa puto, ndani hamna shaba. Nimekata, nimelehemu kipande kipya na nimekiachia urefu kidogo.

Mawili ya kuangalia kama unanunua. Tundu la 10A, lile la kupima ampia, usichomeke kama unapima volti za betri, humo ndani ni kama waya mtupu, utapiga shoti, na za bei hii nyingi tundu hilo halina fyuzi. Alafu betri yake ya volti 9 ikichoka inakupa namba kubwa kuliko ukweli, mimi ilinisomea betri ya pikipiki volti 7 na injini imezima, nusura niitupe betri nzima.

Kwa Sh 15,000 nunua, ila nunua na balbu. Ngoja nirudishe tenki, mvua ikikata napanda Isyonje na kamera kifuani.