Kisu cha springi au kisichoshika kutu?

Sisi tunaofua visu kwa kujifurahisha hapa Mwanza, siku ya kubadilishana visu ubishi ni uleule: uchukue cha springi ya lori au cha chuma kisichoshika kutu?

Mimi ni wa springi. Chuma chake huwa na kaboni ya kutosha, aghalabu kama asilimia 0.6. Ukikipasha hadi sumaku isikishike, ukakizamisha kwenye mafuta, kinakuwa kigumu, ila kinavunjika upesi. Kirudishe kwenye joto la nyuzi 200 hivi kitulie. Hapo kinapita kwenye minofu ya sangara bila kukwama, na kikiwa butu kinoo hakikichukui muda. Ubaya ni kutu. Kata limau, kiache hadi asubuhi, uone. Nilichompa shemeji kilirudi chekundu kama tofali!

Hicho kisichoshika kutu kinakingwa na kromi, metali inayochanganywa kwenye chuma chake, angalau asilimia 10.5. Lakini kukifanya kigumu kunataka karibu nyuzi 1,000 au zaidi, tena zisizoyumba, na jiko la mkaa linayumba.

Muuza samaki wa soko la Mwaloni, anayeshinda na maji mikononi, namshauri hicho. Kwa sato wangu wa jioni, sibadilishi.