Famasi niliyopata Moshi kwa vifaa vya sindano za mzee, uzoefu wangu

Wadau wa Moshi, naandika kwa wenye mgonjwa anayemalizia dozi nyumbani maana najua tupo wengi. Mzee wetu aliruhusiwa hospitali ila ikabaki seftriaksoni, ile antibiotiki ya sindano, ya kuchoma mshipani, daktari akaandika kila kitu na sista mmoja jirani yetu huku Pasua, nesi mwenye leseni yake, akakubali kuja jioni kumchoma, sisi kazi yetu ni kununua tu. Na hapo kwenye kununua ndo kuna mambo.

Duka la kwanza (silitaji) mabomba ya sindano yamemwagwa kwenye beseni pamoja na panadol na plasta, moja moja, mengine karatasi ya nyuma imejikunja mpaka imechanika, nauliza tarehe ya kuisha naambiwa eti dada hayo hayaozi. Nikashukuru nikatoka.

Famasi niliyohamia iko mjini upande wa Double Road. Mfamasia, dada mpole ila kwenye kazi yake hana mchezo, kitu cha kwanza kataka cheti cha daktari, bila cheti ile seftriaksoni hupati, mi nikampenda hapohapo. Akafungua boksi la mabomba ya 10 cc mbele yangu akanionyesha pakiti: pameandikwa STERILE EO, yaani imeuliwa vijidudu kwa gesi, kuna namba 2 iliyopigwa mstari maana yake ni ya kutumia mara moja tu, na pembeni ya alama ya saa ya mchanga ndo tarehe ya mwisho. Halafu akaiminya kidogo, akasema ukisikia hewa inatoka mahali achana nayo.

Cha dawa yenyewe ndo kilinishtua. Kuna boksi za seftriaksoni zinakuja na ampuli (kichupa) ndogo ya lignokaini, dawa ya ganzi, ndani, hiyo ni ya kuchoma msulini, mshipani haitakiwi kabisa. Akaiweka pembeni akatupatia seftriaksoni ya peke yake na maji ya sindano ampuli za 10 ml. Shemeji akauliza kwani maji ya chupa tukiyachemsha si yaleyale, dada wa watu akavuta pumzi kwanza 😅 akasema kuchemsha hakuui vijidudu vyote na hakutoi uchafu uliomo, na ile ampuli ukishaifungua kinachobaki unamwaga, haina dawa ya kuyatunza. Na drip ya Ringer msije mkachanganyia, ina kalsiamu, na seftriaksoni ikikutana nayo inaganda chembechembe.

Siku nyingine niliagiza kwa WhatsApp waniletee na boda, mvua za Aprili mnazijua, mzigo ukafika mfuko umeingia maji na karatasi za mabomba zimelowa. Sista akakataa hata kuyagusa, karatasi ikishalowa usafi wa ndani haupo tena hata kama kwa macho unaona pakiti nzima. Nilipiga simu nikijiandaa kugombana, wakaniletea mengine bila hata kuniuliza maswali, safari hii kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko. Hiyo ndo iliyonifanya niandike.

Bei iko juu kidogo kuliko maduka ya sokoni, sitawadanganya, ila risiti unapewa na imeandikwa namba ya toleo la dawa, kwa hiyo likitokea la kutokea una pa kuanzia. Cheti chao cha Baraza la Famasi kipo ukutani unakiona ukiingia tu.

Walichoniangusha ni safety box, boksi la kutupia sindano zilizotumika, hawana. Sista alikuja na yake ile ya njano, sindano inaingia bila kurudishiwa kifuniko na boksi likijaa robo tatu analipeleka hospitali likachomwe moto. Jumapili wanafungua nusu siku, na jioni foleni inafika mlangoni na pakingi hakuna, bora uende asubuhi.